Kunyamaza kwa Mtoto Si Kuzoea

Kila ufikapo mwezi wa Januari, shule zetu za chekechea huwapokea watoto ambao wengi wao hawajawahi kutengana na watu wa nyumbani kwao hata kwa nusu siku. Yanayotokea langoni asubuhi hiyo yanajulikana na kila mwalimu. Mtoto wa miaka minne, sare yake ikingali na mikunjo ya dukani, hulishika gauni la mamaye kwa mikono miwili. Mama hutazama saa, kwani matatu haimngoji. Mwalimu huvibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja, humbeba na kumwingiza darasani, huku akimwambia mzazi maneno ambayo yamegeuka kuwa kama sala ya kazi yetu: "Wewe nenda tu, Mama. Atanyamaza."

Na kwa hakika hunyamaza. Wengine hunyamaza kabla ya saa ya uji, wengine huchukua siku tatu, na wachache huendelea kulia kwa wiki mbili. Mtoto akishanyamaza, mwalimu husadiki kwamba amezoea, naye mwalimu mkuu akipita dirishani huona darasa tulivu na kwenda zake. Nimekuwa katika kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza nikiwafundisha watoto na baadaye nikiwafunza walimu wao, na swali ninalotaka kulijadili leo ni hilo tu: je, mtoto aliyenyamaza ni mtoto aliyezoea?

Jawabu langu ni kwamba si lazima. Yamkini amezoea, na yamkini amekata tamaa, na kwa macho ya mpita njia hali hizo mbili hufanana kama sarafu mbili za shilingi. Kuzitofautisha ndiyo kazi ya mwalimu.

Mwaka 1969 mume na mke waliokuwa wakifanya kazi London, James na Joyce Robertson, walitoa filamu kuhusu mtoto aitwaye John. John alikuwa na umri wa miezi 17. Mamaye alikuwa amelazwa hospitalini kujifungua mtoto wa pili, naye John akapelekwa kukaa siku tisa katika nyumba ya kulelea watoto. Walezi wa nyumba ile walikuwa wasichana wachangamfu wenye nia njema. Siku za mwanzo John aliwaendea mmoja baada ya mwingine, akitumaini kupokewa kama alivyozoea kupokewa nyumbani. Lakini kila alipokuwa akimkaribia mlezi, mlezi huyo aliitwa kwenda kufanya kazi nyingine, au zamu yake ilikwisha, au watoto wengine waliozoea maisha ya pale walimsukuma John kando. Siku zilivyozidi kupita alikataa chakula, akalia hadi akachoka kulia, akawa anajilaza juu ya mwanasesere mkubwa wa dubu kana kwamba ndiye mtu wake. Mamaye alipokuja kumchukua siku ya tisa, John alipiga mayowe na kujipapatua asishikwe.

Siileti habari hii kwa kudhani kwamba mtoto wetu wa miaka minne, ambaye adhuhuri huwa njiani kurudi nyumbani, ni sawa na mtoto mchanga aliyelazwa ugenini siku tisa. Sivyo hata kidogo. Ninaileta kwa sababu ya wale walezi. Hawakuwa wakatili, hakuna aliyempiga John wala kumkaripia. Ila mpango wao wa kazi ulikuwa hivi, kwamba kila mlezi alipewa shughuli zake na hakuna hata mmoja aliyepewa mtoto. Huyu ni wa kuosha, yule ni wa kulisha, yule mwingine ni wa kulaza. Naomba mwalimu mwenzangu aitazame ratiba ya shule yake na ajiulize kama haikuandikwa kwa mkono ule ule.

James Robertson alikuwa ameanza kuwachunguza watoto hospitalini miaka mingi kabla ya filamu hiyo, akiwa pamoja na daktari John Bowlby. Waligundua kwamba mtoto aliyetengwa na mtu wake hupitia hatua tatu. Kwanza hupinga kwa kilio. Kisha hukata tamaa, akawa mtulivu na mnyonge. Hatimaye hujitenga moyoni, akaonekana mchangamfu kwa kila mtu na asimjali yeyote. Wauguzi wa zama hizo waliihesabu hatua ya pili kuwa nafuu, na ya tatu kuwa kupona kabisa. Sidhani kosa hilo liliishia katika wodi za Uingereza.

Uhusiano huu ambao mtoto hujenga na mtu fulani maalumu, ambaye humkimbilia anapoogopa na kumwacha anapojisikia salama, nitauita mfungamano. Bibi zetu hawakuhitaji istilahi. Walisema tu kwamba mtoto "amemganda" fulani. Bowlby aliandika juu yake kwa miongo kadhaa. Lakini jambo ambalo wanafunzi wengi wa vyuo vya ualimu hawaambiwi ni kwamba sehemu muhimu ya elimu hii haikuzaliwa London. Ilizaliwa hapa Afrika Mashariki.

Mtafiti Mary Ainsworth alikwenda Uganda mwaka 1954 akifuatana na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Akiwa huko alizitembelea mara kwa mara familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiketi na akina mama majumbani mwao na kuwatazama watoto wao wadogo 28. Aliona kwamba mtoto mwenye mfungamano salama humfanya mamaye kuwa kama kituo cha kuanzia safari. Hushuka mapajani, akatambaa kwenda kukagua kitu, akageuka kuhakikisha kwamba mama yungali palepale, kisha akasonga mbele zaidi. Mama akiondoka, uchunguzi nao hukoma. Hayo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967, na utafiti maarufu alioufanya baadaye Marekani ulijengwa juu ya msingi huo wa Buganda.

Kuna tokeo moja katika kazi yake ya Uganda ambalo ningependa kila mwalimu alitafakari. Akina mama ambao watoto wao walikuwa na mfungamano salama aghalabu walikuwa ndio wale walioweza kumweleza mgeni habari za watoto wao kinagaubaga: anapenda nini, anachukia nini, juzi alifanya kituko gani. Sasa, mwalimu, chukua daftari lako la mahudhurio, uweke kidole juu ya jina la kumi na saba. Unaweza kusema nini juu ya mtoto huyo bila ya kutaja kama anajua kuhesabu? Analala na nani? Anaogopa nini? Ni nani humleta shuleni, na ni nani humchukua? Nimewauliza walimu wengi swali hili wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Huwaeleza bila ya kusita mtoto msumbufu na mtoto hodari. Wakifika kwa mtoto mkimya husema, "Huyu hana shida." Hapo ndipo mimi hushtuka.

Kuna watakaouliza kama mwalimu hajitwalii nafasi isiyokuwa yake. Je, mtoto ana mama wangapi? Swali hili lingekuwa zito mahali ambapo mtoto hulelewa na mtu mmoja ndani ya chumba kimoja. Huku kwetu, dada wa miaka minane amekuwa mlezi tangu kale, na bibi, na shangazi, na jirani. Mwaka 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wadogo wa Abagusii, magharibi mwa Kenya. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na mfungamano salama na mama, na zaidi ya nusu walikuwa nao vilevile kwa mlezi wao mwingine, ambaye kwa kawaida alikuwa mtoto mwenziwe mkubwa kidogo. Moyo wa mtoto si kibanda cha mtu mmoja.

Katika utafiti uo huo mna jambo ambalo hunifurahisha kila nilikumbukapo. Mtoto wa Kimarekani, mamaye anaporejea baada ya kutoka chumbani, hutarajia kukumbatiwa. Mtoto wa Kigusii alikuwa amezoea kusalimiwa kwa kupewa mkono. Basi mkubwa aliporejea, mtoto mwenye mfungamano salama, hata kama hajatimiza miaka miwili, aliutazamia ule mkono kwa hamu ile ile ambayo mwenziwe wa ng'ambo huutazamia mkumbatio. Nalisema hili hasa kwa walimu wa kiume, ambao baadhi yao wameniambia kwamba wanahofia kumbeba mtoto wa watu. Si lazima umbebe. Simama mlangoni kila asubuhi, uchuchumae mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto, umpe mkono, umwite kwa jina lake. Ufanye hivyo kesho, na keshokutwa, na siku ya mvua. Mtoto hujifunza kwamba mlangoni pana mtu, na kwamba mtu huyo humjua.

Turejee langoni. Ushauri ambao walimu wengi humpa mzazi ni kwamba atoroke wakati mtoto anatazama kitu kingine. Ni ushauri mbaya, ijapokuwa hupunguza kelele kwa dakika kumi. Mtoto aliyetorokwa hujifunza kwamba watu hutoweka ukigeuza kichwa, na kesho yake hatageuza kichwa. Atamganda mamaye maradufu, nasi tutasema kwamba amedekezwa. Mama na aage. Na aseme anakwenda wapi na atarudi lini, kwa saa ambayo mtoto anaijua: "Nitakuja mkishakunywa uji na kuimba." Kisha aondoke kweli, asirudi dirishani kuchungulia. Mtoto atalia. Alie, lakini alie mikononi mwa mtu.

Mjini Berlin, tangu miaka ya 1980, kuna utaratibu wa kumpokea mtoto mdogo ambapo mzazi hukaa naye shuleni siku tatu za kwanza bila ya kutengana, na siku ya nne ndipo hutoka chumbani kwa muda mfupi. Najua kwamba kibarua wa Eneo la Viwanda jijini Nairobi hawezi kupewa siku tatu za likizo kwa ajili hiyo. Bibi je? Shangazi je? Au shule ipokee watoto kumi Jumatatu, kumi wengine Jumatano na kumi wengine Ijumaa, badala ya kuwamwaga wote siku moja kama magunia ya mahindi. Hilo halimgharimu mtu hata senti moja, na mwalimu anayepokea kilio cha watoto kumi ana masikio zaidi ya yule anayepokea kilio cha arobaini. Mama akiweza, na ampe mtoto kipande cha leso yake akiweke mfukoni. Nimeona kipande cha leso kikifanya kazi ambayo peremende zimeshindwa kuifanya.

Hapa wahenga huletwa kama mashahidi dhidi yangu. Huambiwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Naam, walisema hivyo, na walisema kweli, lakini walimkusudia mtoto anayelilia kisu. Hawakumkusudia mtoto anayelia kwa hofu katika nyumba asiyoijua, mbele ya mtu asiyemjua. Kumjibu mtoto wa namna hii si kumdekeza. Katika utafiti wa muda mrefu ulioanza katikati ya miaka ya 1970 jimboni Minnesota, Marekani, Byron Egeland na Alan Sroufe wakiwa miongoni mwa viongozi wake, watoto waliokuwa na mfungamano salama walipokuwa wachanga hawakuwa ndio waliomng'ang'ania mwalimu walipofika chekechea. Waliomng'ang'ania zaidi ni wale ambao mfungamano wao haukuwa salama. Aliyeshiba hana haja ya kushinda jikoni.

Basi mwalimu atamjuaje aliyezoea na aliyekata tamaa? Asimtazame wakati wa somo, maana wakati wa somo wote hufanana. Amtazame uwanjani. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, humkimbilia nani? Aliyezoea humtafuta mwalimu wake, hulia kidogo, huonyesha jeraha, hupulizwa, kisha hurudi kucheza. Huyo hana neno. Yuko mwingine ambaye huanguka, akainuka kimya, akajipangusa vumbi na kutazama chini. Walimu humsifu: "Huyu ni mwanamume!" Mimi huomba jina lake. Mtoto wa miaka minne asiyemkimbilia mtu anapoumia amekwisha kuhitimisha jambo fulani juu ya watu wazima, na amelihitimisha mapema mno. Yuko na yule anayemrukia kila mgeni aingiaye shuleni, akimshika mkono na kumwomba amchukue nyumbani. Wageni hufurahi na kupiga picha. Mara nyingi ni uchangamfu tu, lakini ikiwa mtoto huyo hamtofautishi mwalimu wake na mtu wa kuuza sabuni, mwalimu na aitafute sababu.

Watoto arobaini na mwalimu mmoja: naijua hesabu hiyo, nami siidharau. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2008, kanuni za malezi ya watoto wadogo zinataka kila mtoto awe na mtu wake mmoja aliyetajwa kwa jina. Sisi hatuna walimu wa kutosha kuiga hilo kikamilifu. Hata hivyo, darasa lenye mwalimu na msaidizi linaweza kugawanywa, watoto hawa wakawa wa huyu na wale wakawa wa yule, kwa mambo yale machache yaliyo makubwa: kupokewa asubuhi, kupewa uji, kufutwa machozi, kukabidhiwa kwa mzazi. Masomo yaendelee pamoja. Na mwalimu aliye peke yake achague watoto watano ambao anaona kwa yakini kwamba hawana mtu humo darasani, awatafutie kila mmoja dakika chache kwa siku, hata kama ni wakati wa kugawa vikombe. Mwezi ukiisha, achague watano wengine.

Jambo moja halihitaji rasilimali yoyote, nalo ni kuacha vitisho. Katika darasa moja nilimsikia mwalimu akimwambia mtoto anayelia kwamba asiponyamaza mamaye hatakuja kumchukua. Mtoto alinyamaza papo hapo, na mwalimu akanitazama kama mtu aliyeonyesha ustadi. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikakataza tena adhabu ya kimwili na kumtesa mwanafunzi kiakili. Tishio kama lile sioni kuwa jepesi kuliko kiboko. Kiboko huuma mara moja. Lile huuma mpaka adhuhuri.

Kwa nini nayasema haya kwa mkazo? Kwa sababu nyumba zimebadilika. Katika mitaa mingi ya miji yetu, mzazi hutoka kabla ya alfajiri na kurudi mtoto akiwa amelala. Yaya aliyekuwako Pasaka hayuko Krismasi. Bibi yuko mashambani, shangazi yuko Ghuba akilea watoto wa wengine. Mtoto wa namna hii anaweza kukuta kwamba mtu pekee anayeonekana mahali palepale, saa ileile, siku tano kwa wiki, ni mwalimu wa chekechea.

Na hapa ndipo ninapowageukia waajiri. Kabla ya ugatuzi, mwalimu wa chekechea aghalabu alilipwa kwa karo ya wazazi, akilipwa. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti zimeajiri walimu na kujenga madarasa mengi. Wanastahiki sifa kwa hilo. Lakini walimu wengi wameajiriwa kwa kandarasi, na kandarasi ina tarehe yake. Ikimalizika mwezi wa Juni, mwalimu hukunja virago mwezi wa Juni. Afisa huona nafasi iliyo wazi, akaijaza baada ya wiki tatu, na katika daftari lake hakuna hasara. Mtoto aliyechukua muhula mzima kuamini kwamba mlangoni pana mtu, huja Jumatatu akakuta mlango.

Kandarasi hizo na zimalizike mwisho wa mwaka wa masomo. Uhamisho nao ufanywe Desemba. Sioni ni bajeti gani itakayopasuka. Ikiwa hapana budi mwalimu aondoke katikati ya muhula, basi asitoroke kama tunavyowashauri akina mama kutoroka. Na awaambie watoto. Na mwalimu mpya aje kabla ya yule wa zamani kuondoka.

Nimewahi kuliona likifanyika, katika shule moja ya kijijini ambayo mwalimu wake alikuwa karibu kujifungua. Alimleta mbadala wake siku tano kabla ya likizo, akaketi naye jamvini, akamjulisha kwa kila mtoto: huyu hapendi kushikwa kichwa, huyu husinzia baada ya uji, huyu ana pacha wake aliyefariki, usimwulize. Jumatatu iliyofuata watoto walimwuliza mwalimu mpya mwalimu wao yuko wapi. Akawaambia kwamba yuko nyumbani, anamngoja mtoto. Wawili walilia, akawaketisha karibu naye, mmoja kila upande, akaanza kugawa vikombe.